Kuagua Ukuta Uliolowa: Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Pwani

Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, ugonjwa huu na dawa yake vimezoeana. Rangi inababuka karibu na sakafu, unga mweupe unachomoza, lipu inafura na kudondoka vipande vipande. Fundi anaitwa. Anabandua lipu mbovu, anachanganya saruji na mchanga, anapiga lipu mpya ngumu, kisha juu yake rangi ya mafuta inayong'ara. Ukuta unapendeza mwaka mmoja, pengine miwili. Halafu unyevu unachomoza tena, safari hii juu ya ile lipu mpya, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Fundi anaitwa tena, naye anapandisha saruji hadi hapo.

Fundi hana hila. Kwa nyumba ya matofali ya saruji kazi yake ingekuwa sahihi. Lakini ukuta wa nyumba ya mawe ni kitu kingine. Unene wake ni sentimita 50 hadi 60, na mahali pengine unazidi. Ndani yake kuna matumbawe na mawe ya ardhini yasiyo na umbo maalumu, yaliyolazwa katika mchanganyiko wa udongo, mchanga na chokaa. Nyuso mbili za nje zimepangwa kwa uangalifu, na katikati pamejazwa vipande vya mawe na udongo. Chini kwenye msingi hakuna tabaka la kuzuia maji, kwa hiyo unyevu wa ardhini unapanda, na umekuwa ukipanda tangu siku nyumba ilipojengwa. Waashi wa zamani hawakupambana nao. Waliupiga ukuta lipu ya chokaa, ambayo ina vinyweleo, wakaupaka maji ya chokaa, na unyevu ulioingia kwa chini ukatoka kwa pembeni na kuchukuliwa na upepo. Saruji na rangi ya mafuta zinaziba njia hiyo. Maji hayaachi kuingia, ila yamekosa pa kutokea, basi yanapanda mpaka yapate upenyo.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa kitu chochote, una maswali mawili ya kujibu: maji haya yanaingilia wapi, na yatatokea wapi? Ukianza na lipu umeanzia mwisho.

Upelelezi

Wakati mzuri wa kupeleleza ni masika, mvua ikiwa inanyesha, siyo siku tatu baadaye. Chukua tochi, kalamu ya risasi, bisibisi ndefu na daftari. Panda juu kabisa, kisha shuka chumba kwa chumba. Nasema uanze juu kwa sababu watu wengi huanza pale uchafu unapoonekana, yaani chini, na kwa kuwa chini wanakuta unyevu wanaamini umetoka ardhini. Mara nyingi ni maji ya paa yaliyopita ndani ya ukuta ghorofa mbili nzima kabla hayajaonekana.

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na dari bapa ya chokaa iliyopigwa na kushindiliwa juu ya boriti, na mabati yakaja baadaye kuifunika. Angalia misumari iliyolegea, mabati yaliyoliwa na kutu, na hasa pale bati linapokutana na ukuta wa jirani uliopanda juu zaidi. Kiungo hicho ndicho kinachovuja kuliko vyote, na ndicho kinachozibwa kwa saruji inayopasuka kila mwaka. Tazama gata. Majani, manyoya ya njiwa na mipira ya watoto vikiziba gata, maji yanafurika kuelekea ukutani, na ukuta wenye urefu wa ghorofa tatu unakunywa kutoka juu hadi chini. Angalia bomba la kushusha maji limeishia wapi. Nimeona nyumba ambako bomba hilo limekatika nusu ya ukuta na mvua yote ya paa inamwagika ndani ya ufa, huku mwenye nyumba akilalamikia maji ya ardhini.

Ukishuka, soma alama. Unyevu wa ardhini unakuwa kama utepe chini ya ukuta, una mstari wa juu unaokaribia kunyooka, chumvi nyeupe imekusanyika kwenye mstari huo, na hauachi hata kiangazi. Unyevu unaotoka juu huwa na umbo la ulimi: mpana pale unapoingilia, mwembamba unavyoshuka, na unazidi mvua inaponyesha. Doa la duara katikati ya ukuta, lisilojali mvua wala jua, ni bomba. Madoa meusi ya kuvu nyuma ya kabati, pembeni mwa dari au katika chumba kisichofunguliwa madirisha ni hewa yenye mvuke iliyokosa njia. Ukuta wenyewe unaweza kuwa mzima.

Kama huna hakika kati ya haya mawili ya mwisho, bandika kipande cha karatasi ya plastiki cha ukubwa wa daftari ukutani, ufunge pande zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Matone yakijaa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya ndani. Yakijaa nyuma ya plastiki, ukuta wenyewe ndio wenye maji. Kile kifaa kidogo chenye sindano mbili ambacho mafundi wengine huchomeka ukutani na kusoma namba, mimi sikitegemei katika nyumba za pwani. Kinapima umeme unavyopita, na chumvi inapitisha umeme. Ukuta uliojaa chumvi utasomeka umelowa hata ukiwa mkavu.

Bafu za ghorofani ni mada ya peke yake. Nyumba hizi hazikupangwa kuwa na choo cha kuvuta na bafu ya manyunyu kila ghorofa. Zimeingizwa baadaye, mabomba yakachimbiwa katika ukuta wa mawe, sakafu ya vigae ikalazwa juu ya boriti. Boriti zinacheza kidogo mtu akitembea, vigae havichezi, viungo vinapasuka, na maji ya sabuni yanashuka kila asubuhi. Kujua ni rahisi: ziba tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa, mwaga ndoo ya maji uliyotia rangi ya chakula, subiri saa chache, kisha mtu wa chini atazame dari yake. Kwa bomba la maji safi, funga mabomba yote usiku, soma mita, soma tena alfajiri. Ikiwa imetembea, kuna mahali maji yanakwenda. Mahali pasipo na mita, tia alama kwenye tangi.

Halafu kuna viyoyozi. Kiyoyozi kimoja kinaweza kutoa lita kadhaa za maji kwa siku moja ya joto, na kimpira chake mara nyingi kimeachwa kining'inie juu ya ukuta wa uani. Maji hayo yakidondokea sehemu ile ile mwaka mzima, yanafanya kazi ya mvua isiyokatika. Kurefusha mpira hadi kwenye mfereji ni kazi ya nusu saa, na sijui kazi nyingine yenye faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kuondoa maji

Tengeneza kwa mpangilio ule ule, kutoka juu kwenda chini. Mabati, viungo vya paa, gata, mabomba ya kushusha. Kwenye kiungo cha bati na ukuta, ingiza utepe wa bati uliokunjwa ndani ya mfereji mdogo uliochongwa ukutani, kisha uzibe kwa chokaa. Saruji iliyopakwa juu ya bati haitadumu, kwa sababu bati hutanuka na kusinyaa kila siku jua linapopanda na kushuka. Gata isafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Bafu inayovuja ibomolewe sakafu na kuwekewa utando wa kuzuia maji unaopanda ukutani angalau kimo cha kifundo cha mguu, na pale manyunyu yanapopiga upande hadi juu ya kichwa. Mabomba yatolewe ndani ya ukuta yapite nje yake, yaonekane. Si mazuri kwa macho, ila likivuja utaliona siku hiyo hiyo.

Chini, kazi ni kupunguza maji yanayofika kwenye msingi. Miaka imepita na njia nyingi zimeinuliwa kwa kumwagiwa vifusi na saruji, mpaka sakafu ya ndani ikawa chini kuliko njia. Njia ya umma huwezi kuishusha peke yako, lakini ua wako unaweza. Vunja ukanda wa saruji unaogusa ukuta, upana wa futi moja hivi, ujaze kokoto ili ardhi ipumue hapo, na mteremko wa ua uelekee kwenye mfereji badala ya ukutani. Chunguza karo la maji machafu liko umbali gani na kama linafurika. Na kabla ya kufunika sakafu nzima ya chini kwa vigae, fikiri mara mbili: unyevu uliokuwa unatokea kwenye sakafu utahamia kwenye kuta.

Kwa kuvu la hewa, dawa ni hewa. Fungua yale matundu ya juu ya madirisha ambayo yamezibwa kwa mbao ili baridi ya kiyoyozi isitoke, sogeza makabati sentimita chache mbali na ukuta, na nguo zianikwe nje.

Kuvua saruji, kuvika chokaa

Baada ya maji kuzuiwa, ndipo lipu ya saruji itolewe. Gonga kwanza kwa nyundo ndogo: inapolia wazi, imeshaachana na ukuta na itatoka kirahisi. Inaposhika sana, tumia tindo na nyundo ya mkono, taratibu. Mashine ya kuvunjia zege usiiruhusu iingie mlangoni. Mtetemo wake unalegeza udongo ulioshika mawe ya katikati, na unaweza kumaliza asubuhi moja ukuta ulioishi miaka mia na hamsini. Ikiwa mahali fulani saruji imeng'ang'ania kiasi kwamba inang'oka na uso wa jiwe, iache. Kipande cha saruji kilichobaki kina madhara madogo kuliko shimo.

Kisha subiri, na hapa ndipo subira ya wengi inapoishia. Ukuta wenye unene wa nusu mita haukauki kwa wiki. Ni miezi, na ukuta uliokunywa sana unataka karibu mwaka. Unakaa uchi, unaonekana vibaya, wageni wanauliza. Muda huo chumvi itachomoza kama unga au nywele nyeupe. Ipanguse kwa brashi kavu, iangukie kwenye gazeti, uitoe nje ya nyumba. Usioshe kwa maji. Maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Rudia kila inapotoka. Chumvi ndiyo inayovunja lipu: inayeyuka na unyevu, inaganda tena inapokauka, na chembe zake zikikua ndani ya vinyweleo zinaupasua uso. Tena chumvi hunywa unyevu hewani, ndiyo maana ukuta wenye chumvi nyingi hulowa siku za mvua hata kama paa, bomba na ardhi vyote vimerekebishwa.

Lipu mpya iwe ya chokaa tupu na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Chokaa bora ni ile iliyolowekwa shimoni wiki nyingi mpaka ikawa laini kama samli. Ya mfuko inafaa pia ikiwa ni mpya, mradi iloweshwe kwa maji siku moja au zaidi kabla ya kuchanganywa. Ya mfuko uliokaa wazi dukani imekwisha nguvu. Mchanga wa ufukweni usikubali hata ukipewa bure. Una chumvi, na chembe zake ni laini mno. Tia kidogo ulimini, chumvi utaijua. Pia tia mchanga katika chupa ya maji, tikisa, uache utulie: tabaka nene la tope juu maana yake mchanga unataka kuoshwa. Maji ya kuchanganyia yawe matamu, maana visima vingi vya miji hii vina chumvi.

Fundi wako atakuomba atie "saruji kidogo tu ili ishike haraka". Kataa. Kiasi kidogo cha saruji katika chokaa hakileti nguvu ya saruji, na kinaharibu tabia ya chokaa. Mahali penye maji sana, kama chini ya ukuta wa uani, kinachosaidia ni unga wa matofali ya kuchoma yaliyochomwa kwa moto wa wastani, ambao huifanya chokaa igande hata pasipo hewa ya kutosha.

Lowesha ukuta kabla ya kuanza. Ziba mashimo makubwa kwa vipande vya mawe vilivyobanwa na chokaa, usiyajaze kwa lipu peke yake. Tabaka moja lisizidi sentimita moja hadi moja na nusu. Linalofuata lisubiri mpaka la kwanza liwe gumu kiasi kwamba kidole gumba hakiingii lakini ukucha unaweza kuchora. Chokaa huwa ngumu kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole, na inahitaji unyevunyevu wakati inafanya hivyo. Kwa hiyo tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, na uukinge na jua kali. Msimu wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndio unaofaa: mvua imepita na joto halijapanda.

Mwisho paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, mmoja kwa siku, kila mara ukuta ukiwa umeloweshwa. Mkono wa kwanza hauonekani kabisa na wengi hudhani wamekosea, utakucha mweupe. Ukitaka rangi, tia udongo wa rangi. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki zisahau. Lipu hii itachakaa. Chumvi iliyobaki itaila yenyewe badala ya kula jiwe, na baada ya miaka kadhaa utaipiga upya sehemu ya chini. Hiyo ndiyo kazi yake.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: chokaa inaunguza. Glavu, miwani, ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kukoma, kisha nenda hospitali. Mawe ya chokaa yaliyotoka tanuuni yakitiwa maji yanachemka na kurusha, kwa hiyo watoto wasikaribie. Na kabla ya kugonga ukuta wowote uliolowa, zima umeme wa chumba hicho.

Nyufa na tumbo

Ufa unaogopesha watu kuliko tumbo, na ingefaa iwe kinyume.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya lipu kama ramani ni za lipu tu. Ufa wa wima pale kuta mbili zinapokutana ni wa kawaida, kwani nyumba hizi zilijengwa kwa awamu, chumba juu ya chumba, na mara nyingi ukuta mpya haukufungamanishwa na wa zamani. Ila pima juu na chini: ukiwa mpana juu kuliko chini, ukuta wa nje unaanguka kuelekea nje, na hiyo ni habari nyingine. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango unasema upande mmoja wa msingi umetitia. Tafuta maji chini yake: karo, bomba lililopasuka, au shimo alilochimba jirani. Ufa wa mlalo kwenye kimo cha sakafu ya juu unaelekeza kwenye ncha za boriti zilizooza, au kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inapasua zege na kuinua mawe yaliyo juu yake.

Ufa usiojulikana umri wake usiuzibe. Ukizibwa umefungwa mdomo. Piga misumari miwili, mmoja kila upande, pima umbali wake kila mwezi na uandike tarehe. Ukipita masika moja na vuli moja bila kusogea, ni ufa wa zamani uliotulia. Unaweza kuushona, yaani kutoa mawe yaliyolegea na kuingiza mawe marefu yanayovuka ufa kwa chokaa, safu baada ya safu. Ukisogea kila mwezi, mwite mhandisi.

Tumbo ni ukuta uliofura kuelekea nje. Maji yameingia katikati, yameosha udongo, vifusi vya ndani vimeshuka na kusukuma uso wa nje, na sasa nyuso mbili zimesimama kila moja peke yake. Shusha timazi kutoka dirisha la juu na upime umbali wa kamba hadi ukutani kila baada ya nusu mita. Macho hudanganya, kamba haidanganyi. Tumbo lililotulia hushughulikiwa na mafundi wenye uzoefu, kwa kuweka mawe marefu ya kufunga nyuso mbili na kumimina uji wa chokaa ndani. Uji huo umiminwe kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu, ukingoja ugande kabla ya kupanda, kwa sababu ukimiminwa wote kwa siku moja, uzito wake utamalizia kazi iliyoanzwa na maji.

Zipo ishara ambazo hazisubiri misumari wala daftari. Tumbo linaloongezeka, mlango uliokuwa unafunga na ghafla ukakwama, mchanga unaodondoka ukutani bila mtu kugusa, sakafu iliyolala baada ya mvua kubwa. Watoe watu kwanza. Kisha weka miega, ya mbao nene au ya chuma, iliyokaa juu ya ubao mpana ili isizame ardhini. Jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe wa Unguja, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Kama jengo lenye macho ya dunia nzima liliweza kufika hapo, nyumba ya kichochoroni haina kinga.

Boriti

Urefu wa boriti ndio uliopanga nyumba. Mkoko hutoa mti unaofaa kubeba upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Katikati boriti haiozi kirahisi. Huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, pasipoonekana. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, ncha imekwisha. Tafuta pia njia za udongo za mchwa na unga wa fukusi sakafuni.

Boriti moja iliyooza haihitaji kubomoa sakafu nzima. Weka miega chini ya zile za jirani, toa moja, weka nyingine iliyokauka vizuri na kupakwa dawa ya wadudu, acha nafasi ndogo ya hewa kuzunguka ncha yake, funga kwa chokaa. Kisha nenda kwa inayofuata. Mikoko inakatwa kwa kibali, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye karatasi zake. Mbao ngumu iliyopasuliwa inaweza kuchukua nafasi. Zege lenye nondo mimi silishauri, ingawa limeenea: ni zito kuliko sakafu ya boriti, ukuta unachongwa mfereji mrefu ili kulipokea, na nondo zake karibu na bahari hazichelewi kutu.

Hapo hapo hesabu mzigo ulioongezwa. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe, na mara nyingi limewekwa katikati ya dari kwa kuwa ndipo paliponyooka. Lishushwe uani, au angalau likae juu ya mihimili inayopeleka uzito kwenye kuta mbili.

Mengi ya haya yangekuwa rahisi kama nyumba ingekuwa na mwenyewe mmoja. Nyumba nyingi ni za wakfu, za serikali, au za warithi ishirini waliotawanyika kati ya Dar es Salaam na Maskati, na ndani yake wanaishi wapangaji wanne wasiokubaliana. Wa juu anavujiwa na hana fedha, wa chini anazo lakini haoni kwa nini alipie paa la mwenzake, ilhali maji ya paa hilo ndiyo yanayobomoa ukuta wake. Wakalishe pamoja wakati wa mvua, uwapandishe wote juu waone. Makubaliano ya kugawana gharama za paa na gata kwa vyumba vyote yaandikwe. Halafu peleka maombi ya kibali: Unguja kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa kwa ofisi za hifadhi za mji. Watu huzikwepa wakiogopa urasimu, lakini huko ndiko utakakoelekezwa kwa waashi wanaoijua chokaa, ambao siku hizi si wengi.

Ukimpata mwashi, usimuulize bei kwanza. Muombe akupeleke kwenye ukuta alioupiga lipu ya chokaa na uliokwisha kupigwa na masika mbili tatu, ukauguse. Muulize anapata wapi mchanga. Katika mkataba andikeni uwiano wa mchanganyiko, idadi ya matabaka, siku za kunyunyizia maji, na nani atanyunyizia Ijumaa na sikukuu. Malipo yagawanywe, na fungu la mwisho, hata likiwa dogo, libaki mkononi mwako mpaka masika inayofuata ipite na mpande pamoja juu kuangalia.